Gasketi za tapet kava zinazouzwa Mombasa: ipi humaliza harufu ya oili kuungua

Foleni ya feri Likoni ndiyo huifichua. Gari limesimama, injini inanguruma, AC inavuta hewa kutoka chini ya kioo cha mbele pale wipa zinapolala, na harufu inaingia ndani: nzito, ya kukwama kooni, kama karai la bajia ambalo mafuta yake yamekaangiwa mara ya nne. Ukishavuka na kushika mwendo wa kwenda Ukunda, upepo unaipeperusha na unasahau. Ukisimama tena, imerudi. Wenye Probox, Succeed, Fielder, Axio, Ist na Premio za injini ya 1NZ-FE wanaijua vizuri, kwa sababu kwenye injini hiyo menifoldi ya ekzosi, yaani bomba la kwanza kupokea moshi wa injini, iko nyuma, upande wa ukuta wa kabini, na oili inayovuja kwenye ukingo wa nyuma wa tapet kava, kile kifuniko cha juu ya injini, huteremkia juu ya chuma chenye moto mkali.

Kinachotathminiwa hapa ni kile kipande cha mpira mweusi kinachoziba ukingo huo, yaani gasketi ya tapet kava. Madukani Mombasa utauziwa dawa nne za ugonjwa huu: gasketi jenuini ya Toyota, gasketi ya mtengenezaji mwingine mwenye jina, gasketi ya bei ya chini iliyofungwa kwa plastiki isiyo na maandishi, na tyubu ya silikoni, ambayo utaambiwa inatosha hata bila gasketi mpya. Hukumu yetu tunaitoa mapema: nunua ya kwanza ukiweza, ya pili usipoweza, na siku hiyo hiyo nunua valvu ya PCV, kifaa kidogo kinachopunguza presha ya gesi ndani ya injini. Ya tatu itakufanya ulipe ufundi mara mbili. Silikoni ya kuzungushia kava nzima tunaipinga kabisa, na hiyo tutaieleza kwa urefu kwa kuwa ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo inayoua injini.

Usinunue kabla hujaona inapovuja

Gasketi bora kuliko zote haitibu uvujaji ulio mahali pengine, kwa hiyo anza na pua. Harufu tamu, kama sukari iliyoungua, ni maji ya rejeta yenye kuleni, si oili. Harufu kama ya karatasi iliyoungua baada ya kukanyaga breki sana hutoka magurudumuni, na kwenye gari la gia za mkono inaweza kuwa klachi. Harufu ya plastiki, chungulia chini: mara nyingi ni mfuko uliookotwa barabarani ukagandia ekzosi. Na ikiwa unaona moshi wa samawati nyuma ya gari, oili inaungua ndani ya silinda. Ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukakatika, shuku sili za vali. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni. Hapo gasketi ya tapet kava haina msaada wowote, na fundi anayekuuzia anakula pesa yako bure.

Kama oili ilibadilishwa juzi tu, subiri. Oili iliyomwagika wakati wa kujaza huteremka pembeni ya injini na kuungua kidogo kidogo kwa siku chache. Lakini kabla ya kusubiri tazama filta. Kosa moja la kawaida ni pete ya mpira ya filta ya zamani kubaki imeganda kwenye injini, kisha filta mpya ikafungwa juu yake. Mipira miwili ikikaliana hivyo, oili inaweza kutoka kwa kasi ya kumaliza sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, njiani. Hilo ni la kulala gereji usiku huo huo.

Sasa fungua boneti injini ikiwa baridi, chukua tochi hata kama ni mchana, na tazama kava yenyewe. Ukingo wa nyuma juu ya ekzosi ndio wa kwanza; pitisha kidole chini yake, na kidole kikitoka cheusi chenye utelezi, umeshapata mshukiwa. Pili ni zile pembe mbili za upande wa cheni, ambao kwa gari letu la usukani wa kulia ndio upande wa dereva. Pale kichwa cha injini kinakutana na kava ya cheni, na mshono wa vipande viwili vya chuma chini ya mpira mmoja ni mahali dhaifu kwa maumbile yake. Tatu ni mashimo ya plagi. Fungua boliti ya namba 10 ya kila koili, kile kifaa cha umeme kinachokaa juu ya plagi, vuta koili juu, umulike ndani. Oili ikiwa imejaa shimoni, mpira wa shimo la plagi umekufa nao, na ule mtetemo wa injini unaoulaumu petroli huenda unatoka hapo.

Ukikuta injini yote imelowa, huwezi kusema chochote. Osha kwanza. Funika alteneta na soketi za waya kwa plastiki, paka dawa ya kuondolea grisi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji kidogo yasiyo na presha, ukaushe. Usioshe kwa petroli injini ikiwa na joto. Baadaye endesha zaidi ya kilomita 20, mathalani kutoka Kongowea mpaka Mtwapa na kurudi, kisha tazama tena. Oili huteremka, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma, kwa hiyo kilicho chini na nyuma hakikuambii kitu; tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Kama bado kuna utata, paka poda ya mtoto kwenye ukingo uliokauka. Pale poda inapogeuka kahawia mapema ndipo penye tundu.

Usiahirishe kwa kusema ni harufu tu. Injini hii huchukua lita 3.7 za oili pamoja na filta. Ukipoteza lita 1 umepoteza zaidi ya robo. Na oili nyingi za injini hutoa mvuke unaoshika moto zikipita kiasi cha digrii 200 za selsiasi, joto ambalo menifoldi ya ekzosi hulipita bila shida.

Gasketi zenyewe

Jenuini ya Toyota kwa 1NZ-FE hubeba namba 11213-21011. Hata hivyo mpe muuzaji namba ya chasisi, asikubahatishie kwa jina la gari, maana Premio na Fielder huja na injini zaidi ya moja na gasketi zake hazifanani. Ukisema tu, "Kaka, nipatie gasketi ya tapet kava ya Premio," unaweza kupewa ya injini ya 1ZZ, na kwa macho zinafanana vya kutosha kukudanganya mpaka kava iko wazi na fundi ana mikono ya oili.

Sifa yake kubwa ni kukaa. Inaingia kwenye mfereji wa kava kwa kubana kidogo, kava ikigeuzwa haidondoki, na pembe zake zimeumbwa zikatoshea bila kuvutwa. Mpira ni laini lakini una ubishi: ukiuminya kwa ukucha, alama inapotea papo hapo. Kasoro ni bei, ambayo ni mara kadhaa ya ile ya chini kabisa, na kwamba maboksi ya kughushi yapo. Usilitegemee boksi, tegemea mpira. Ikunje pembeni mwa duka mbele ya muuzaji mpaka ncha zikutane. Ya kweli hurudi ilivyokuwa. Itazame kwenye mwanga: mshono wa kalibu uwe mwembamba na sawa, pasiwe na vinyuzi vya mpira vinavyoning'inia, pasiwe na sehemu nene na nyembamba.

Za watengenezaji wengine wenye jina, kama Stone ya Japani au Victor Reinz ya Ujerumani, hatuna ugomvi nazo. Kinachotakiwa ni aina ya mpira. Mpira wa kawaida wa kuvumilia oili, NBR, huanza kuzeeka haraka ukikaa kwenye joto la kati ya digrii 100 na 120. Mpira wa akriliki, ACM, huvumilia mpaka karibu digrii 150. Ukingo wa nyuma wa kava uko sentimita chache juu ya ekzosi, na hewa ya Mombasa haisaidii kupoza kitu gari likiwa limesimama kwenye mataa saa nane mchana. Mtengenezaji mwenye jina huandika aina ya mpira au hukubali kuulizwa. Pia angalia kama seti ina mipira ya mashimo ya plagi. Kwenye injini nyingine mipira hiyo ni sehemu ya gasketi, kwenye nyingine ni pete nne za kupachikwa peke yake, na kurudisha kava na pete za zamani ni kuacha nusu ya kazi.

Ya bei ya chini isiyo na jina ina tatizo linaloonekana mara tu unapoilaza juu ya mfereji: ni ndefu mno au fupi mno kwa milimita chache. Ikiwa fupi, itavutwa, na mpira uliovutwa hukonda na kujikunyata joto likipanda. Ikiwa ndefu, itainuka kwenye pembe, na fundi ataibana kwa nguvu ya boliti, ambayo ni njia ya kuikata. Hata ile inayokaa vizuri huwa ngumu mapema. Ukiitoa utaikuta bapa upande mmoja, imeshika umbo la mfereji, na ukiikunja inakatika kama ukuti mkavu. Magari yetu huingia nchini yakiwa na umri wa hadi miaka 8 kwa mujibu wa sheria ya uagizaji, kwa hiyo mpira uliotoka nao kiwandani umeshachoka. Kuubadilisha kwa mpira mwingine utakaochoka mapema hivyo ni hasara.

Silikoni

Silikoni si sumu. Toyota yenyewe huagiza ipakwe, lakini tone dogo tu katika zile pembe mbili za upande wa cheni, kuziba mshono wa vyuma viwili. Balaa ni ile desturi ya kuizungusha juu ya gasketi nzima, au kuitumia badala ya gasketi. Kava inapokazwa, silikoni hubanwa pande zote mbili. Ile ya nje unaiona, inameta, na wengi huona ndiyo alama ya kazi safi. Ya ndani huiona mtu wa pili, siku ya kufungua sampu. Imekauka, imemeguka vipande kama kucha, imeanguka na oili mpaka chini, imegandamana kwenye chujio la pampu. Pampu ikivuta hewa badala ya oili, beringi na kemshafti hukosa uhai. Kipande kidogo zaidi hukwama kwenye chujio la valvu ya VVT-i, inayotumia oili kurekebisha wakati wa vali kufunguka, na gari hupoteza nguvu bila mtu kukumbuka kwamba miezi minne nyuma palipakwa silikoni.

Zaidi ya hayo silikoni hufanya kazi ya utelezi. Gasketi ya mpira imekusudiwa kukaa kavu ndani ya mfereji. Ukiipaka, hukimbia inapobanwa, na ukingo mmoja hutoka nje. Ndiyo maana kava iliyopakwa sana huvuja tena mahali pale pale.

Zile chupa za kuzuia uvujaji zinazomiminwa kwenye oili tunazipa mstari mmoja: hulainisha mpira uliokauka kidogo, lakini haziwezi kuunga mpira uliopasuka. Oili nzito ya 20W-50 ni hivyo hivyo. Injini hii imepangiwa 5W-30, na 10W-30 yafaa kwa joto letu; kuizidishia uzito ni kuichelewesha kufika juu asubuhi, na tundu liko pale pale.

PCV: kifaa kidogo kinachosahauliwa

Gesi kidogo hupenya kila mara kutoka silinda kwenda sampuni. Valvu ya PCV huzirudisha kwenye menifoldi ya hewa ziungue tena. Ikiziba kwa masizi, presha hupanda ndani ya injini na kutafuta pa kutokea, na mahali rahisi ni gasketi uliyoifunga jana. Uifungue, uitikise karibu na sikio: ikiwa hai, kidude cha ndani hugonga. Ikiwa kimya, tupa. Dalili nyingine ni kufungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa saileensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukipulizwa kwa nguvu, presha ipo. Tazama pia mpira wake wa hewa, maana huwa umelainika mpaka unajibana wenyewe unapovutwa. Gasketi jenuini bila PCV iliyo hai tunaipa nusu ya maksi.

Namna inavyofungwa

Kazi yenyewe haina siri, na ni vizuri mwenye gari aijue ili asimame kando ya fundi akiwa na jicho. Injini iwe baridi, waya hasi ya betri itolewe. Koili zina vibano vya plastiki ambavyo kwa umri huwa vikavu. Vibonyezwe kabla ya kuvuta, visilazimishwe kwa bisibisi. Boliti na nati za kava hulegezwa kidogo kidogo kuanzia pembeni kuja katikati. Pwani zile za nje huwa na kutu ya chumvi, kwa hiyo ziwekewe mafuta ya kulegeza robo saa kabla. Kava ikiwa imeganda, igongwe kwa nyundo ya mpira pembeni. Anayechomeka bisibisi kati ya kava na kichwa anachora mfereji kwenye aluminiamu, na mfereji huo utavuja hata kwa gasketi ya dhahabu.

Kabla ya kusafisha, kitambaa safi kizibe uwazi wa cheni ili uchafu usidondoke. Mabaki ya silikoni yaondolewe kwa kipande cha plastiki ngumu, si kwa wembe wala msasa. Nyuso zote mbili zipanguswe kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika: gasketi nzuri juu ya uso wenye oili ni sawa na plasta juu ya ngozi yenye jasho.

Gasketi ilazwe kavu kwenye mfereji, ianzwe pembeni, ibonyezwe kwa kidole mzunguko mzima. Tone la silikoni kwenye zile pembe mbili, kisha kava ishuke ndani ya dakika 3, moja kwa moja kutoka juu bila kuburuzwa. Kabla ya boliti ya kwanza, mtu apitishe macho nyuma na tochi, kwa kuwa ukingo wa nyuma ndio ambao mpira huchomoka bila kuonekana.

Ukazaji ni Nm 10 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha boliti). Kwa lugha ya mkono, hiyo ni kilo 5 tu kwenye mpini wa sentimita 20, uzito wa mpini unaovutwa kwa vidole, si kwa bega. Ikazwe kwa awamu mbili au tatu, kutoka katikati kwenda pembeni. Fundi asiye na toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, ya boliti ndogo hukaza mpaka "ikatae", na inapokataa, nyuzi za aluminiamu zimeshakwenda au kava imejikunja katikati ya boliti mbili. Uliza kama anayo kabla hajafungua boneti. Akicheka swali, peleka gari kwingine.

Silikoni ipewe saa zake kama tyubu ilivyoandikwa, na kulaza gari mpaka kesho ni bora zaidi. Oili ya zamani iliyo juu ya menifoldi itaendelea kunuka kwa siku kadhaa, hata kazi ikiwa imefanywa vizuri, kwa hiyo usimrudie fundi kwa ugomvi kesho yake. Mpe wiki. Baada ya kama kilomita 500, pitisha kidole kavu chini ya ule ukingo wa nyuma. Kikitoka kikavu, imekwisha. Kikilowa, usikubali boliti ziongezwe nguvu: kava ifunguliwe, mpira utazamwe ulipobanwa au ulipochomoka, na kama uso wa kava umejikunja, hapo kinachonunuliwa ni kava.